Tahadhari ya kimbunga itoke mapema au wangoje uhakika? Tujadili, watu wa Kusini

Wakuu habari za mchana. Jana hapa Feri Mtwara ulizuka ubishi mkubwa. Mzee mmoja mwenye mashua anasema Mamlaka ya Hali ya Hewa wakae kimya mpaka wawe na uhakika kimbunga kinakuja, sio watangaze siku kadhaa kabla halafu jua linawaka na watu wamelala njaa bure. Mfano wake ni kimbunga Kenneth, Aprili 2019, tukaambiwa tuhame mabondeni, kikatupita.

Mimi nampinga, kwa heshima maana ni mzee wangu. Kenneth hakikupotelea baharini, kilitua Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo tu ya mto Ruvuma, kikaua watu zaidi ya 40. Kingepinda kidogo tu ingekuwa sisi. Na Lindi ilishapigwa, Aprili 1952.

Ila hoja yangu hasa ni dago, yaani kambi za wavuvi mbali na nyumbani. Mdogo wangu anavua kisiwani, huko mtandao hakuna, taarifa ikitoka leo asubuhi yeye anaipata kesho mashua ya samaki ikimpelekea barafu. Hapo jarife, wavu wake mkubwa, limelala majini, hawezi kuliacha, asubiri maji yatulie alivute, apakie vyombo, ndo anyanyue tanga, na upepo ushaanza kuchafuka. Siku 2 hizo zimeisha. Mwaka 2024 kabla kimbunga Hidaya hakijatua Mafia tarehe 4 Mei aliwahi kufika nyumbani jioni, jarife limejaa majani na mchanga akalibwaga uani hivyohivyo, mama akamshika tu mkono hakusema neno. Tungengoja uhakika angekuwa wapi? Na hicho kilifika kimepungua nguvu, lakini mvua yake ikakata barabara kule Somanga mabasi yakakwama.

Mzee ana haki sehemu moja, na hapa naomba tusimbeze. Taarifa ya Mamlaka yenyewe huwa inasema uwezekano wa kutokea ni mdogo, wa wastani au mkubwa, na athari vilevile. Ikishuka redioni, ikaingia kwenye magrupu ya WhatsApp, ikifika ufukweni imebaki neno moja tu, msitoke! Mtu wa ngalawa anayevuka hapo Msangamkuu na mtu wa bahari kuu wanaambiwa kitu kilekile. Halafu hatari ikiingia inatangazwa kwa kipaza sauti mtaa kwa mtaa, ikiondoka kimya, watu wanakaa siku nzima ya ziada bahari shwari na deni la mafuta linawangoja. Hilo ndo linalofanya watu wasiamini, sio kuwahi.

Kwa hiyo mimi nasema waanze mapema, waseme uwezekano ulivyo mpaka kwa nahodha wa mwisho, na hatari ikipita gari lilelile lenye spika lirudi siku hiyohiyo kutangaza.

Nyie wa Kilwa na Lindi, BMU zenu (vikundi vya wavuvi vya kusimamia ufukwe) zinawafikishiaje taarifa watu wa dago?