Majani ya mzeituni kwa presha: dawa au makopo tu?

Bint Pangani: Shangazi yangu ana presha mwaka wa 9 huu. Kaletewa kopo kutoka Muscat, vidonge vya majani ya mzeituni, 500 mg, shilingi 85,000. Sasa anataka kuacha amlodipini, kidonge chake cha presha cha hospitali. Wenye uzoefu, vinashusha kweli?

Mzee Kobe: Vinashusha. Kuna utafiti wa Indonesia, 2011. Wengine walipewa 500 mg mara mbili kwa siku, wengine kaptoprili, dawa ya presha ya hospitali. Wiki 8, matokeo yakakaribiana. Kinachofanya kazi ni oleuropeini, ule uchungu wake. Halafu ni mti uliobarikiwa, umo kwenye Qurani.

Daktari wa Kijiweni: Aya ya Nuru inasifu mafuta, mzee, siyo majani. Siku hizi kila muuza makopo shehe.

Mzee Kobe: Muuza makopo nani? Mimi nauza vitunguu swaumu Tandika. Wewe udaktari umeupatia wapi?

Daktari wa Kijiweni: Kijiweni, si umesoma jina? Wale wa Indonesia walikuwa na presha ya hatua ya kwanza, haijapanda sana. Shangazi anaugua presha mwaka wa 9.

Ole Kajiado: 85,000 ya nini na mti tunao huku? Oloirien, kwa Kimaasai, ni mzeituni huohuo, wa mwitu. Mama anachoma kijiti mpaka kiwe kaa, anasugua nacho ndani ya kibuyu, ndipo anatia maziwa. Nyanya yangu hajui presha ni nini.

Chebo: Hajui kwa sababu hajapimwa. Na mambo ya kibuyu tuachieni wenyewe. Mursik, maziwa yetu Wakalenjin ya kibuyu, kaa lake ni la mti wa senetwet.

Ole Kajiado: Nani ametaja mursik? Nimesema maziwa.

Chebo: Maziwa, kibuyu, kaa. Hiyo ni nini kama si mursik? Mmetuiga.

Ole Kajiado: Tuwaige nyinyi? Ng'ombe mlitoa wapi?

Mkwe wa Bomet: Huku kwa wakwe zangu wengine hutumia emitiot, na emitiot ndiyo hiyo oloirien. Mnapigania kaa moja.

Chebo: Hao wakwe zako ni wa Bomet gani?

Fundi Bustani: Wa mwitu na wa mafuta ni spishi moja, nususpishi mbili. Tunda la mwitu dogo, nyama hamna. Lakini kaa la kibuyu na kidonge wapi na wapi?

Bint Pangani: Jamani, shangazi! Leo kameza vyote, cha hospitali na cha kopo. Kainuka kutandua mkeka, akaona giza, akakaa palepale chini. Mashine ya jirani imesoma presha 94 kwa 58, iko chini.

Daktari wa Kijiweni: Vyote vinashusha, vimekutana. Kopo aliache, aende kituo cha afya leo hii, na alibebe wakalione. Amlodipini asiiache kwa kichwa chake, wao ndio wamwambie.

Mzee Kobe: Kwa hiyo umekubali vinashusha.

Daktari wa Kijiweni: Mzee, mtu kaona giza!

Chebo: Ole, habari ya ng'ombe hatujamaliza.