Sidiria ya kunyonyeshea ya kifua kikubwa haipatikani Mbeya, na kazini muda wa kunyonyesha tunanyimwa

Wanajamvi, salaam. Ninaandika nikiwa na hasira, na ninaomba mnivumilie, kwa kuwa jambo lenyewe wengi huliona la aibu na hivyo hulizungumza kwa kunong'ona tu.

Nina mtoto wa miezi mitano. Nilirudi kazini baada ya kumaliza siku zangu 84 za likizo ya uzazi. Kifua changu kilikuwa kikubwa tangu nikiwa msichana, na maziwa yalipoingia kiliongezeka kiasi kwamba hakuna sidiria hata moja ya zamani iliyofunga. Nikaenda Mwanjelwa. Nilizunguka Jumamosi nzima, kwenye maduka ya nguo mpya na kwenye meza za mitumba, na kila nilipouliza sidiria ya kunyonyeshea, ile ambayo kikombe chake kinafunguka kwa juu, nilioneshwa saizi za wasichana waliozaa wakiwa na vifua vidogo. Muuza mmoja aliinua sidiria nyeusi, akaivuta kwa mikono miwili mbele ya wateja wengine, akaniambia, "Mama, hii inavutika, chukua 42, itakutosha tu."

Haitoshi, na sababu yake si ngumu kuielewa. Namba ya sidiria ni mzingo wa mwili chini ya matiti, ilhali herufi hutokana na tofauti kati ya mzingo huo na ule unaopita katikati ya matiti, palipojaa zaidi, ambapo tofauti ya inchi nne kwa kawaida ni kikombe D. Mimi chini nina inchi 36 na juu, maziwa yakijaa, nina inchi 43. Ukinipa 42 umenipa mkanda wa mwanamke aliyenizidi mgongo kwa inchi sita, nao utapanda hadi kwenye mabega kwa nyuma, uzito wote uhamie kwenye kamba mbili nyembamba. Mkanda wa chini ndio unaopaswa kubeba, lakini wauzaji wetu wanadhani kifua kikubwa maana yake ni mtu mnene. Mabegani sasa nina mifereji miwili ambayo haiondoki hata nikilala.

Nikaishia kununua sidiria ya kawaida yenye waya, kwa sababu ndiyo pekee iliyonisitiri chini ya shati la kazi. Hapo ndipo ofisi inapoingia.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 33, inamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha kumnyonyesha mtoto wakati wa kazi kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku. Ninaishi Uyole na ninafanya kazi mjini, kwa hiyo, ukijumlisha foleni ya barabara kuu inayopanuliwa, kwenda nyumbani mchana na kurudi ni vigumu. Niliomba muda huo niupate mwisho wa siku, ili niondoke mapema, pamoja na nusu saa ya mchana na chumba chochote chenye komeo nikamue. Mkuu wangu wa kitengo, mwanamke mwenye watoto watatu, alinijibu, "Mdogo wangu, sisi wote tumezaa, na kazi zilikwenda." Chumba hakikutolewa. Ninakamua chooni, nimesimama, nimeshikilia chupa kwa mkono mmoja na mlango kwa mwingine kwa kuwa kitasa kimeharibika, kisha maziwa ninayamwaga kwenye sinki kwa sababu hata jokofu la jikoni nilikatazwa kulitumia, eti watu watakinai. Siku zenye wateja wengi hata chooni sifiki. Namshukuru Mungu kwa baridi ya Julai, maana sweta linaficha madoa.

Mwezi uliopita ziwa la kushoto lilifanya bonge gumu palepale waya unapobana, likawa la moto, na usiku nikatetemeka kwa homa. Muuguzi wa zahanati alinieleza kuwa maziwa yalikuwa yamekaa muda mrefu bila kutolewa na waya ulikuwa umeyazibia njia. Akanipa dawa, akanisisitiza niendelee kunyonyesha ziwa hilohilo, na niivue sidiria ile. Niivue nivae nini, sikumuuliza, kwa sababu kosa halikuwa lake.

Kila mwaka, kuanzia Agosti 1 hadi 7, Wiki ya Unyonyeshaji Duniani huangukia siku zilezile za maonesho ya Nanenane katika viwanja vya John Mwakangale, na tunahimizwa kumpa mtoto maziwa ya mama pekee kwa miezi sita. Himizo hilo silipingi hata kidogo. Ninachouliza ni kwa nini anayehimizwa ni mimi peke yangu.

Barua ya kudai muda wangu nimeshaiandika, nimeinukuu sheria, na Jumatatu ninaikabidhi, nakala ikienda kwa Afisa Kazi wa mkoa. Kuhusu sidiria, ninaomba mwenye kumfahamu fundi cherehani wa Mbeya, Iringa au Njombe anayeweza kushona yenye mkanda mpana wa chini, kamba nene, vikombe vinavyofunguka kwa mbele, na isiyo na waya, anielekeze. Vipimo nimeshavitaja hapo juu, na malipo ya awali ninayo.