Wakuu mlioko Lubumbashi, Jumapili hii nimpeleke wapi mke wangu?

Fundi wa Uyole
Habari za jioni wakuu. Mimi na mke wangu ni wa Mbeya, tunaishi Lubumbashi mwaka wa 2 sasa. Natengeneza malori. Jumapili hii nataka nimtoe, siku nzima, iwe siku ya kukumbukwa. Nina dola 60. Kusema kweli matembezi yametupita kushoto. Julai tulipanga kwenda zuu, mvua ikatuharibia, ikaishia hapo. Yeye si mtu wa baa, Kifaransa hajui, na kelele zinamuumiza kichwa. Nisaidieni haraka, lazima iwe Jumapili hii.

Nyuma ya Uwanja
60 inatosha na chenji itabaki. Asubuhi nendeni zuu, mkawaone sokwe wa JACK, kituo cha kulea sokwe, wale waliookolewa wakiwa wadogo mikononi mwa wafanyabiashara haramu. Kisha ingieni makumbusho ya taifa, uliza habari za misalaba ya shaba. Wazee wa Katanga walikuwa wakinunulia vitu kwa misalaba hiyo kabla mzungu hajajenga mji huu mwaka 1910. Jioni michopo, nyama choma ya mbuzi, kaeni nje, taratibu. Wageni wengi wanakaa hapa miaka wanajua njia ya kazini na ya mpakani Kasumbalesa tu, inaniuma.

Mama Tausi
Miaka miwili mwanamke ndani! Kaka yangu, zuu siyo shida yako. Mwanamke anatolewa kila wiki, hata kwa muhogo wa kuchoma barabarani. Ukisubiri siku ya kukumbukwa utakumbuka peke yako.

Dereva Mstaafu
Mpeleke ziwa Kipopo. Mimi nilimpeleka wangu tukiwa wachumba, kwa pikapu ya kazi, bosi hajui. Kurudi tukanasa kwenye tope hadi usiku, akatembea pekupeku kwenda kuita watu wasukume. Nilipomwona anarudi na wanaume sita nyuma yake, viatu mkononi, nikajua huyu ndiye. Tuna watoto wanne. Kipopo usiidharau.

Fundi wa Uyole
Asanteni. Kipopo nauli yake ikoje kama huna gari?

Binti Tunduma
Shemeji, nauli baadaye. Umesisitiza lazima iwe Jumapili hii. Kuna nini, siku yake ya kuzaliwa?

Fundi wa Uyole
Hapana. Ni ratiba tu.

Binti Tunduma
Ratiba ya nani?

Fundi wa Uyole
Anasafiri Jumatano. Anarudi Mbeya kupumzika.

Binti Tunduma
Anarudi Lubumbashi lini?

Fundi wa Uyole
Tiketi niliyomkatia ni ya kwenda tu. Kabla hamjanishambulia nisikilizeni. Hatujagombana. Mkataba wangu unaisha mwakani, hapa kodi ni ya dola, kule kuna nyumba ya wazazi na mama yake anamhitaji. Hapa anashinda peke yake, hata jirani anamsalimia kwa Kifaransa. Nimeamua kwa faida yake. Jumapili nataka tu tuagane vizuri.

Mama Tausi
"Nimeamua." Yeye ameamua nini?

Fundi wa Uyole
Alinyamaza. Nikachukulia amekubali.

Mjomba Kenya
Haya, michopo ya kuagana hiyo. Mwekee na pilipili nyingi, akilia mseme ni pilipili.

Dereva Mstaafu
Mjomba, huo mzaha si wa leo. Kijana, mimi nilimrudisha wangu nyumbani mwaka 1997, vita vilipofika, na kwa sababu ya maana. Bado alinihesabia ile miezi.

Kijana wa Katuba
Mungoje kwanza. Mi nilizaliwa mu Katuba. Mwezi wa saba mu Lubumbashi mvua hainyeshaka, hata tone. Ni baridi na mavumbi, batu banavaa makoti asubuhi. Huyu papa mvua ya Julai aliitoa wapi? Haishi hapa. Ni hadithi ametunga.

Mjomba Kenya
Ndiyo maana! Ameandikia sebuleni kwao Mbeya huyu. Fundi, ukitoka nje ya nyumba unaona nini?

Binti Tunduma
Na mimi nilivyoanza kumhurumia. Jibu, Fundi.

Fundi wa Uyole
Naishi Kampemba. Bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya migodi, naliona nikipanda juu ya lori, na mlima mweusi wa takataka za shaba pembeni yake. Mjakaranda ulio mbele ya gereji umeangusha maua wiki iliyopita, njia yote zambarau. Naishi hapa.

Kijana wa Katuba yuko sahihi. Mvua haikunyesha. Niliandika mvua kwa aibu.

Ile Jumapili ya Julai alikaanga samaki, akafunga kwenye kapu, akavaa kitenge kipya. Nikamwambia natoka mara moja nirudi na taksi. Nikakutana na wenzangu wa gereji wanakwenda Kamalondo kwenye mpira, nikapanda nao. Mimi ni mtu wa Simba, naifuata Mazembe, timu ya hapa, tangu Samatta alipokuja kutoka Simba mwaka 2011. Alishaondoka tangu 2016 na mimi bado nakwenda, kila Jumapili ya mechi. Nilirudi saa mbili usiku. Nilimkuta ameketi pale pale kwenye stuli ya mlangoni, hajavua kile kitenge. Akaniuliza, "Mmeshinda?" Hajawahi kutaja matembezi tena.

Mama Tausi
Ee Mungu wangu.

Kijana wa Katuba
Papa, unisamehe. Sikujua ni vile.

Dereva Mstaafu
Futeni habari za Kipopo. Yeye anataka kwenda wapi? Umemwuliza?

Fundi wa Uyole
Sijamwuliza. Nilitaka iwe zawadi, asijue mapema.

Mama Tausi
Funga simu, nenda jikoni, ukamwulize sasa hivi.

Fundi wa Uyole
Nimerudi. Alikaa kimya muda mrefu, akisafisha mchele. Kisha akasema, "Nipeleke huko unakoendaga. Nataka nipaone kabla sijaondoka." Jumapili kuna mechi. Nimemwambia ule uwanja una watu 18,000 na kelele nyingi, kichwa kitamuuma. Akasema kichwa ni chake. Habari ya tiketi ya Jumatano bado hatujaizungumza. Nilifungua mdomo nikashindwa.

Sasa tukae upande gani? Na anauliza kama anaweza kwenda na samaki.

Nyuma ya Uwanja
Kaeni mbali na wale mashabiki wanaojiita 100%, wana ngoma na tarumbeta, hawapumziki hata timu ikifungwa. Nitawaonyesha jukwaa lenye kivuli. Samaki msihangaike naye mlangoni, naishi mtaa wa nyuma. Njooni saa sita, mke wangu atasonga bukari, yaani ugali, tule samaki wenu na sombe yetu, kisamvu, halafu twende wote wanne kwa miguu. Anaongea Kiswahili, Kifaransa hatakihitaji. Nimekuandikia pembeni.