Ford 5000 ya Ismani: alama za bloku zinasema 1968 au 1978?

Mkulima wa Ismani
Ndugu zangu, nimenunua Ford 5000 ambayo muuzaji alinihakikishia kuwa ni ya mwaka 1968. Kabla ya kuagiza pistoni kutoka Mbeya, nimesugua bloku kwa brashi ya waya na mafuta ya taa, nikakuta maandishi yaliyotokeza: 8D17, na juu yake D5NN ikifuatiwa na 6015. Giaboksi lina C5NN na 8C21. Naomba kusomewa.

Fundi wa Uyole
Kaka, usiagize kwanza. Katika 8D17, tarakimu ya kwanza ni mwaka, herufi ni mwezi na mwisho ni siku: tarehe 17 Aprili. Kwa kuwa mwaka una tarakimu moja tu, 8 inaweza kuwa 1968 au 1978, na kinachoamua ni namba ya kipuri. Katika namba hiyo, C ni miaka ya 1960, D ni ya 1970, tarakimu inayofuata ni mwaka ambao kipuri kilisanifiwa, NN ni trekta na 6015 ni bloku. Kilichosanifiwa 1975 hakikusubiwa (hakikumiminwa kwa chuma kilichoyeyuka) 1968; kwa hiyo bloku yako ni ya 1978, zama za Ford 6600 iliyoifuata 5000, na ilipachikwa baadaye. Pima silinda: 5000 za mwanzo zilikuwa na kipenyo cha inchi 4.2, ilhali za 6600 ni 4.4.

Msubu wa Mafinga
Kijana wangu, tazama tena ile tarehe. Namba ya kipuri ni sehemu ya kielelezo chenyewe, yaani umbo la mfano linaloacha alama yake mchangani, lakini tarehe huwa kwenye kibati kidogo kinachobadilishwa kila siku kabla kielelezo hakijashindiliwa mchangani, ndiyo maana mara nyingi hukaa upande kidogo na pembeni yake huonekana alama ya kichwa cha skrubu. Inakuambia siku chuma kilipomiminwa, siyo siku trekta lilipounganishwa. Siku ya kuunganishwa hugongwa kwa nyundo, ikazama ndani ya chuma. Itafute karibu na stata.

Mkulima wa Ismani
Shikamoo mzee, na asante fundi. Kibati kimekaa upande kweli, na alama ya skrubu inaonekana. Karibu na stata nimekuta 8E02B iliyozama.

Fundi wa Uyole
Ni tarehe 2 Mei, na B ni zamu. Kwa kuwa 5000 zilikoma 1975, hiyo 8 ni 1968, wiki sita baada ya giaboksi kusubiwa. Muuzaji alisema kweli kuhusu trekta, ila alinyamazia injini. Agiza pistoni kwa kipimo cha silinda, usiagize kwa mwaka.