Ubaguzi ukiandikwa kwenye simu ni kosa, ukiambatana na ngumi unaitwa shambulio la kawaida

Ndugu wanajukwaa, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Nataka sheria yetu ilitambue kosa la chuki, yaani jinai inayomlenga mtu kwa sababu ya kabila, dini au asili yake. Jirani yetu hapa Ujiji, mama muuza dagaa ambaye ukoo wake uko mji huu tangu kabla reli haijafika Kigoma mwaka 1914, alipigwa na vijana waliokuwa wakimpigia kelele arudi kwao Kongo. Kituoni likaandikwa shambulio la kawaida, na maneno yaliyosikiwa na soko zima hayakuandikwa popote, kwa maelezo kwamba chuki ni jambo la moyoni na polisi hawapimi mioyo.

Jibu hilo ni la kipuuzi. Mahakama zetu hazimtii mtu hatiani kwa mauaji mpaka nia ovu ithibitishwe, na nia hiyo huthibitishwa kwa maneno, silaha na mwenendo wa mshtakiwa. Kwa nini nia ya chuki ishindikane?

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kumtukana mtu kupitia kompyuta kwa sababu ya rangi, ukoo, utaifa, kabila au dini yake. Maana yake ni kwamba vijana wale wangemtumia mama yule matusi hayo kwa simu, ubaguzi wao ungekuwa na kifungu. Walipotumia ngumi, ubaguzi ukayeyuka likabaki kofi tupu. Na chuki dhidi ya serikali haikusahaulika: Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 iliiweka kwenye makosa ya uchochezi.

Hapo ndipo ninapokubaliana na wanaoogopa neno chuki kuachwa kwenye sheria bila kufafanuliwa. Uingereza, kwa sheria yao ya mwaka 1998, makosa fulani huwa mazito zaidi ikiwa mtendaji alionyesha uadui wa rangi au dini wakati wa tukio, au mara tu kabla au baada yake, hata kama kilichomsukuma hakijulikani. Huo ni mlango mzuri. Lakini uadui wenyewe hawakuufafanua, na waendesha mashtaka wao wanahesabu hata kutompenda mtu. Kwetu, tafsiri pana namna hiyo ingemfunga mkosoaji wa diwani kabla ya kumgusa mpiga wanyonge.

Kwenye mauaji pengo hili la sheria halionekani, kwani adhabu tayari ni kifo. Liko kwenye vipigo, uchomaji wa nyumba na uharibifu wa mali. Ibara ya 13(5) ya Katiba, inapofafanua kubagua, inataja utaifa, kabila, dini na hata pahala mtu alipotokea. Orodha hiyo iongezwe ulemavu, ukiwemo ualbino, kisha iandikwe hivi: kosa la chuki ni kosa la jinai ambalo mtendaji, kwa maneno au matendo ya wakati huo, ameonyesha kwamba amemlenga mtu kwa sababu mojawapo ya hizo, na serikali, chama na kiongozi kwa cheo chake havihesabiki kuwa waathirika. Mwanasheria aliyemo humu anieleze ni kwa nini sentensi hiyo isiingie kwenye Kanuni ya Adhabu.