Shairi la Kikannada la mchele na wimbi: nilitungie kwa bahari gani?

MWALIMU WA SOROTI aliuliza:

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu.

Ninafundisha Kiswahili shule ya sekondari hapa Soroti. Mwezi uliopita mume wangu alikuja nyumbani na mgeni, fundi wa pampu za visima anayetoka Karnataka, kusini mwa India. Mama mkwe alikuwa amesonga atap, ugali wetu wa wimbi, na mimi kwa kumwonea mgeni haya nikapika wali kando. Mgeni aliuacha wali wangu. Alimega tonge la atap, akalichovya kwenye mchuzi wa karanga, akalimeza bila kulitafuna, vile vile tunavyomeza sisi. Mama mkwe alifurahi mno, akamsogezea sahani nzima.

Ndipo mgeni akatueleza kwamba kwao wimbi huitwa ragi, na kwamba kuna shairi la kale la Kikannada, lugha ya kwao, ambamo mchele na wimbi wanabishana nani mkubwa mbele ya Rama, mfalme wa hadithi za kale za Kihindu. Rama anawatia gerezani wote wawili miezi sita. Mchele unatoka umeharibika, wimbi unatoka mzima.

Tangu siku hiyo sina raha. Wanafunzi wangu wanadhani ushairi ni mali ya Lamu na Mombasa, wao ni wasikilizaji tu. Na wengi wao ada yao inatoka kwenye magunia ya wimbi! Nataka kuwatungia hadithi hii kwa Kiswahili. Nimeanza utenzi:

Mchele ukatamka:
Mimi wa kuheshimika,
Karamuni hutajika,
Wimbi wewe una nini?

Nikafika ubeti wa tano nikakwama. Unateleza vizuri lakini hauumi. Ugomvi hausikiki. Naomba anayejua anisaidie: nani alilitunga, lini, lina umbo gani kwa lugha yake, na kwetu bahari gani ya ushairi ingelibeba?

MSOMAJI WA MBARARA alijibu:

Mwalimu, mtunzi ni Kanakadasa, na shairi linaitwa Ramadhanya Charite, yaani habari za nafaka ya Rama. Mapokeo yanampa miaka 1509 hadi 1609. Alizaliwa kijiji cha Baada, katika wilaya ya Haveri ya leo, kwenye jamii ya Wakuruba, watu wa kuchunga kondoo. Hilo la uchungaji liweke moyoni kabla hujatunga ubeti wa sita, nitalirudia.

Nilisoma ufamasia miaka minne Mysuru, mji wa Karnataka. Mama mwenye nyumba, mjane tuliyemwita amma, siku za kwanza alikuwa akinipikia wali kwa heshima, kama ulivyomfanyia mgeni wako. Siku moja nikamkuta jikoni anaviringa tonge lake la ragi mudde, nikamwomba. Alinitazama nikimeza, akaniuliza nani kanifundisha. Nikamwambia nyanya yangu wa Ankole, maana kalo, ugali wetu wa wimbi, ukiitafuna inakung'ang'ania meno. Tangu siku hiyo nikawa mwana wa nyumba. Yeye ndiye aliyenifundisha herufi za Kikannada, kwa magazeti ya kufungia mboga, na yeye ndiye aliyenipeleka kusikiliza gamaka. Ni usomaji wa kuimba: mmoja anaimba beti za kale, mwenzake ameketi kando anafafanua maana. Kila nikisoma Kikannada sasa ni sauti ile inayonijia.

Tuje kwenye kisa. Rama yuko njiani kurudi kutoka Lanka baada ya kumshinda Ravana, mfalme wa huko. Watawa wanamwandalia karamu, nafaka za kila aina zinaletwa, na swali linazuka ipi bora. Mmoja anapousifu wimbi, mchele unawaka kwa hasira. Unauambia wimbi kwamba wewe ni chakula cha watu wa chini, mimi ndiye ninayekaa kwenye ibada, arusi na meza za wafalme. Wimbi haunyamazi. Unauliza: mvua inapokatika na mazao yakafa, ni nani anayewashika watu wasife? Wewe unapendelea wenye mali, mimi sichagui. Na huyu anayetunga maneno haya ni mtoto wa wachungaji. Kwa hiyo Mwalimu, ukitaka ubeti uume, usiandike nafaka mbili zinazotaniana. Andika mtu aliyewahi kuonyeshwa pa kukaa.

Mwisho Rama anaupa wimbi jina lake mwenyewe, Raghava, na shairi linadai kwamba ndipo lilipotoka neno ragi. Ndani ya ugomvi wenyewe unaitwa kwa jina la zamani, naredalega.

Sasa umbo, na hapa ndipo utenzi ulipokuangusha. Limetungwa kwa shatpadi, ubeti wa mishororo sita, ya aina iitwayo bhamini. Wao hawahesabu silabi kama sisi. Wanahesabu matra: silabi fupi ni moja, ndefu ni mbili. Mshororo wa 1, 2, 4 na 5 una matra 14, zinazokwenda kwa mdundo wa tatu-nne, tatu-nne. Mshororo wa 3 na wa 6 unarefuka hadi 23. Ukisikia ukiimbwa, ile miwili mifupi ni kama mtu anavuta pumzi, halafu wa tatu anamwaga. Ugomvi unakaa pale. Utenzi wako una mishororo iliyolingana, hauna mahali pa kumwaga.

Aliyeifanya bhamini iwe mfalme wa bahari zao ni Kumaravyasa wa Gadag, karne ya 15, aliyeisimulia Mahabharata, ule utenzi mkubwa wa kale wa India, kwa Kikannada. Anajisifu humo kwamba hakushika kibao wala chaki ya kuandikia rasimu, na neno akishaliweka halifuti. Mimi namwamini, kwa jinsi linavyotiririka. Sisi tufute tu, Mwalimu.

Jambo moja zaidi, ambalo lilinichukua mwaka mzima kulisikia. Vina vyao haviko mwishoni. Konsonanti ya silabi ya pili ya kila mshororo lazima ifanane katika ubeti wote. Wanaita prasa. Sikio letu linangoja mwisho, la kwao linashika mwanzoni.

Ushauri wangu: tunga tasdisa. Mishororo sita, ya 1, 2, 4, 5 iwe mizani 8, yaani silabi nane, ya 3 na 6 iwe 12. Haitakuwa bhamini, lakini pumzi itakuwa ile.

AFISA KILIMO, MBALE alijibu:

Ushairi siujui sana, lakini ghala nalijua, na huyo mshairi alilijua pia. Punje ya wimbi ni ndogo na ngumu, fukusi hana pa kuingilia. Huku mlimani nimefunguliwa vihenge vyenye wimbi wa miaka kadhaa, ukausaga ukapata unga mzuri. Mpunga ukiwa na ganda lake nao hukaa, tusiuonee. Lakini mchele uliokwisha kobolewa, ukiuweka penye unyevu miezi sita bila kuugusa, utakuta fukusi na uvundo. Kwa hiyo hukumu ya Rama ni jaribio la ghalani, lile lile ambalo kila mama mwenye kihenge analifanya.

Na kuna hili, ambalo wanafunzi wako wanapaswa kulisikia kabla ya kingine chochote: wimbi haukuzaliwa India. Asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, Ethiopia na Uganda. Ulivuka kwenda India maelfu ya miaka iliyopita. Huyo anayejibu matusi ya mchele mbele ya Rama ni mtoto wa kwetu.

MZEE WA JINJA alijibu:

Nimefanya kazi maktaba miaka thelathini na moja, na somo hili nalipenda, mnivumilie.

Msomaji wa Mbarara amelitaja jina naredalega akalipita haraka. Turudi hapo. Katika shairi mchele unaitwa vrihi, jina la Kisanskriti, lugha ya kale ya wasomi wa India. Wimbi unaitwa kwa jina la Kikannada. Sidhani kwamba sikio la msikilizaji wa wakati ule lilikosa kulisikia hilo, kwa sababu lugha hizo mbili zilikuwa zikibishana kwa karne nyingi kabla ya Kanakadasa.

Kitabu cha Kikannada cha zamani kuliko vyote vilivyobaki ni Kavirajamarga, cha karibu mwaka 850, kutoka baraza la mfalme Amoghavarsha wa Warashtrakuta. Ni kitabu cha kanuni za ushairi, na kimejengwa juu ya Kavyadarsha, kazi ya Kisanskriti ya Dandin. Lakini humo humo kinasema kwamba watu wa nchi iliyo kati ya mito Kaveri na Godavari wana akili ya ushairi hata wasiposoma. Mwalimu, waandikie wanafunzi wako sentensi hiyo ubaoni!

Mwaka 1112 akaja mshairi Nayasena, akakasirika. Akasema anayetaka kuandika Kisanskriti na aandike Kisanskriti, kwa nini akimwage ndani ya Kikannada safi? Je, samli na mafuta huchanganywa? Karne moja baadaye Andayya akatunga Kabbigara Kava akijitenga na maneno ya Kisanskriti yasiyobadilika. Na Kisanskriti nacho hakikuwa cha mbali, kilikuwa pale pale ikuluni: karibu mwaka 1130 mfalme Someshvara wa Tatu wa Kalyana aliandika kwa lugha hiyo Manasollasa, kitabu kikubwa cha maisha ya mfalme, na humo kuna sehemu nzima ya chakula chake, mchele ukiwemo.

Hii habari tunaijua. Kiarabu kimekaa ndani ya Kiswahili namna hiyo hiyo. Tazama ubeti wako, Mwalimu: mchele umesema heshima, umesema karamu. Bila kukusudia umeupa Kiarabu. Sasa kusudia. Mchele uzungumze kwa maneno ya Kiarabu, wimbi ujibu kwa Kibantu kitupu.

MSOMAJI WA MBARARA:

Mzee, shikamoo. Wazo ni zuri na linanitia hofu. Kanakadasa mwenyewe hakuwatenganisha hivyo, wimbi wake unatumia Kisanskriti pia unapotaka. Mwalimu akibanwa na mizani, prasa na asili ya neno kwa pamoja, tutamuua.

DADA WA ENTEBBE alijibu:

Mimi nina neno dogo tu. Mwishoni mwa karne ya 10 kulikuwa na mwanamke wa Karnataka aitwaye Attimabbe. Alipoona Shantipurana, kazi ya mshairi Ponna, iko hatarini kupotea, alilipia nakala 1,000 ziandikwe kwa mkono kwenye majani ya miti ya jamii ya mtende, akazigawa. Mwalimu, ukimaliza, niandikie. Nina mashine ya kunakili dukani, na karatasi nitatoa mimi.

MWALIMU WA SOROTI:

Asanteni sana, nyote. Nimekaa nayo siku nne. Deni langu kwa Afisa Kilimo nililipa kwanza: nilimsomea mama mkwe maneno yake kuhusu kihenge, akasema huyo kijana amelelewa.

Halafu nikagundua kitu nikaruka kitini. Ile prasa inayowatesa watu, Kiswahili kinaiweza kuliko nilivyodhani. Vitenzi vyetu vina kiambishi cha njeo kwenye silabi ya pili. Nikianza kila mshororo kwa kitenzi cha -ka-, konsonanti ya silabi ya pili inajipanga yenyewe, na masimulizi yetu ndiyo yanayopenda -ka-. Nikaacha vina vya mwisho pia, maana wanafunzi wangu wasingenisamehe. Wimbi unajibu:

Nakusikiza, mchele,
Hukumbuki njaa ile?
Ukatoweka kabisa, hushikiki.
Nikalisha wana wale,
Wakashiba, si kelele,
Makabwela na mabwana, siwachoki.

Mzee, nilijaribu sharti lako kwa moyo wote. Nilifika mshororo wa tano nikakwama kwenye neno moja. Shiba ni Kiarabu! Nilifungua kamusi mara mbili, nikitumaini nimekosea. Nikazunguka: wakajaa, wakatosheka, wakanyamaza. Hakuna hata moja linalosema kile anachosema mtoto wa Soroti akisukuma sahani. Nimeliacha shiba.

MZEE WA JINJA:

Liache, mwanangu. Andayya mwenyewe aliyakataa maneno ya Kisanskriti yaliyobaki na sura yao, lakini yale yaliyokwisha kulainika kinywani mwa Wakannada aliyatumia bila wasiwasi, aliyaona yao. Shiba imelainika. Ila hilo kabisa la mshororo wa tatu silo lazima, jaribu «Ukatoweka shambani».

MWALIMU WA SOROTI:

Mizani nane, na silabi ya pili bado ni ka. Nimebadilisha.

Dada wa Entebbe, nitahitaji nakala 84, madarasa mawili. Ijumaa tunalisoma. Mama mkwe amesema atakuja mwenyewe na wimbi wa kihenge chake, wa mavuno ya miaka mitatu iliyopita, na amenituma ninunue kilo moja ya mchele leo niufungie kabatini hadi mwisho wa mwaka.