Corolla 110 inazima njiani mchana wa jua kali: nitajuaje kwa hakika kwamba ni pampu ya mafuta?

Mkazi wa Nkuhungu (mtoa mada)

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Naomba msaada wa mafundi na wa wenye magari ya zamani. Nina Toyota Corolla 110 ya mwaka 1998, injini ya 5A-FE, ambayo huitumia kwenda shambani Kongwa na kurudi Dodoma mjini. Asubuhi gari linawaka mara moja na kwenda vizuri. Shida huanza mchana, jua likishakuwa kali: nikiwa kati ya Buigiri na Mbande gari linapungua nguvu, linasitasita kila ninapokanyaga mafuta, kisha linazima kabisa. Stata inazungusha injini bila tatizo lolote, lakini haishiki. Nikiliacha nusu saa au zaidi chini ya mti, linawaka na kuendelea na safari kama kawaida.

Gereji ya kwanza ilibadilisha plagi na filta ya mafuta bila mafanikio. Gereji ya pili, bila kupima chochote, imesema pampu imekufa na kwamba ninunue ya mtumba kwa sababu ni ya bei nafuu. Sikatai kununua, ila nataka kujua kwanza kama fedha yangu inakwenda mahali panapostahili. Je, kuna njia ya kupima ambayo mtu mwenye multimita na uvumilivu anaweza kuifuata? Taa ya injini kwenye dashibodi haijawahi kuwaka.

Fundi Umeme Kizota

Ndugu mtoa mada, dalili ulizoeleza zinaweza kweli kuwa za pampu, lakini katika magari haya ignita na koili (vifaa vinavyotengeneza moto wa plagi) nazo hufa kwa mtindo huohuo: zikipata joto zinakata, zikipoa zinarudi. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kutenganisha moto na mafuta, na kazi hiyo haifanyiki gari likiwa zima gereji. Inafanyika palepale barabarani lilipozimia.

Beba plagi moja ya akiba. Gari likizima, chomoa waya mmoja wa plagi, uvike kwenye plagi hiyo, iegemeze vizuri kwenye chuma cha injini mbali na mipira ya mafuta, kisha mtu apige stata. Ukiona cheche kali ya rangi ya bluu, moto upo na unaweza kugeukia mafuta. Cheche isipokuwepo, usiiguse pampu kabisa. Kwa kipande cha waya, unganisha matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwenye kisanduku cha vipimo (kile kidogo chenye mfuniko, chini ya boneti), weka swichi ON, uhesabu taa ya injini inavyopepesa. Ikipepesa mara moja, ikapumzika, kisha ikapepesa mara nne, hiyo ni namba 14, yaani kompyuta ya injini haipati jibu kutoka kwenye ignita.

Upande wa mafuta, wengi hudanganyika kwa jambo moja. Wanaweka swichi ON, wanategea sikio kwenye tangi, hawasikii mlio, wanatangaza kwamba pampu imekufa. Katika Toyota nyingi za miaka hiyo pampu haizunguki kwa kuweka ON peke yake, bali hupata umeme kupitia relei yake (swichi inayoendeshwa kwa umeme) pale tu stata inapopigwa na injini inapozunguka. Njia sahihi ni kuunganisha tundu la FP (la pampu) na la +B (la umeme wa betri) kwenye kisanduku hichohicho, swichi ikiwa ON. Hapo unairuka relei na kuipelekea pampu umeme moja kwa moja. Pampu ikiunguruma kwa njia hiyo lakini haiungurumi stata inapopigwa, kosa liko kwenye relei au kwenye nyaya zinazoiamuru, na pampu yako ni nzima.

Ikikaa kimya, nyanyua kiti cha nyuma ufikie soketi ya pampu, kisha upime volti soketi ikiwa imechomekwa, kwa kuingiza ncha za multimita kwa nyuma. Usipime soketi ikiwa imechomolewa, kwa sababu waya ulioliwa na kutu unaweza kuonyesha volti 12 usipobeba mzigo, na ukishapewa mzigo volti zinaanguka. Soma matokeo hivi: volti zikiwa karibu sawa na za betri huku pampu ikiwa kimya, umeme unafika lakini haupiti ndani ya mota, na mara nyingi hiyo ni kaboni iliyokwisha, yaani vile vipande vinavyogusa mota na kuipelekea umeme ikizunguka. Volti zikiwa chini sana, ama mota imekwama na inavuta ampea nyingi, ama kuna waya au ethi (njia ya umeme kurudi kwenye bodi na hasi ya betri) mbovu njiani. Pampu ya aina hii ikiwa nzima huvuta ampea chache tu, mara nyingi kati ya 3 na 6.

Dada wa Bahi

Ninakubaliana na fundi, ila kuna jambo dogo la kufanya kabla ya yote hayo, nalo halihitaji kifaa. Gari likizima, fungua mfuniko wa tangi mara moja. Ukisikia hewa ikivutwa kwa nguvu kuingia ndani, na gari likawaka muda huohuo bila kusubiri lipoe, basi tangi halipumui na pampu imekuwa ikivuta mafuta dhidi ya ombwe. Vumbi letu la Dodoma linaziba vali ya mfuniko, na nimeshaona watu wakibadilisha pampu kwa ajili ya mfuniko tu.

Jambo la pili ni kiasi cha mafuta. Pampu hii imezama ndani ya tangi kwa makusudi, kwa kuwa petroli inayopita ndani yake ndiyo inayoipoza. Injini yako ina bomba la kurudisha mafuta yaliyozidi, nayo yanarudi yakiwa yamepashwa joto kule mbele. Tangi likiwa na lita chache, mafuta yaleyale machache yanazunguka na kuzidi kupata joto kadiri mchana unavyokwenda, na pampu iliyochoka hapo ndipo inaposalimu amri. Mtoa mada, huwa unaondoka Kongwa mshale ukiwa wapi?

Tangi likifunguliwa, liangalie chujio dogo la chini ya pampu. La gari la mume wangu lilitoka likiwa jeusi, linateleza mikononi, na lilipokaushwa juu ya gazeti likaacha unga mwekundu kama wa tofali. Gari hilo lilikuwa limejazwa mafuta ya madumu kwa muda mrefu.

Mzee wa Gereji Chamwino

Vijana mmeeleza vizuri. Naongeza kipimo cha presha, kwa sababu pampu inaweza kuunguruma na bado isisukume. Kwa injini hiyo, ukichomoa mpira wa vakyumu (mvuto wa hewa wa injini) kwenye regyuleta, yaani kifaa kinachodhibiti presha ya mafuta, geji ya presha inatakiwa isome takriban psi 38 hadi 44. Ukizima injini, presha isishuke chini ya psi 21 ndani ya dakika 5. Na ule mpira wa vakyumu uukague: ukikuta petroli ndani yake, kiwambo cha regyuleta kimepasuka, na hilo ni kosa jingine kabisa.

Kuhusu pampu ya mtumba, msimamo wangu ni kwamba isinunuliwe. Imekaa kavu rafuni kwa muda usiojulikana, kaboni zake zimeliwa kwa kiwango ambacho hakuna anayeweza kukiona, na kazi ya kufungua tangi utailipia mara mbili.

Naomba pia, kwa dhati, msifungue tangi mahali penye uchomeleaji au jiko la mkaa karibu. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini na kukaa, nao unashika moto hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse kwa joto la Oktoba hapa kwetu. Tolea presha, chomoa betri, fanyia kazi nje penye upepo, na mtungi wa kuzimia moto wa unga uwe karibu.

Mkazi wa Nkuhungu (mtoa mada)

Nawashukuru sana wote, shikamoo Mzee. Nimefuata maelekezo na gari likazima tena mahali palepale, safari hii nikiwa na rafiki na vifaa. Cheche ilikuwa kali. Mfuniko wa tangi haukuvuta hewa. Niliunganisha FP na +B, pampu ikakaa kimya, na kwenye soketi ikiwa imechomekwa nilisoma volti 12.1. Rafiki yangu aligonga chini ya tangi kwa kiganja, pampu ikaanza kuunguruma ghafla. Ilipokuwa inazunguka nilipima pia kati ya waya wa ethi wa pampu na hasi ya betri, nikapata volti 0.9. Sijui kama namba hiyo ina maana yoyote. Na kwa swali la dada, ni kweli mshale huwa chini ya robo ninaporudi.

Fundi Umeme Kizota

Ina maana kubwa, ndugu yangu. Volti 12.1 na ukimya, kisha kuamka kwa kugongwa, ni kaboni zilizokwisha, kwa hiyo pampu ni ya kubadilisha na gereji ya pili ilipatia hapo. Lakini ile 0.9 ni kosa la pili ambalo hakuna aliyeliona: upande wa ethi peke yake usingetakiwa kupoteza zaidi ya volti 0.2 hivi. Ungefunga pampu mpya tu, nayo ingezunguka kwa unyonge. Fuata waya wa ethi hadi unapofungwa kwenye bodi, fungua boliti, piga msasa hadi chuma king'ae, kaza na upake grisi, kisha upime tena. Nunua pampu mpya pamoja na chujio lake la chini na mpira mpya wa kuzibia mfuniko wa pampu juu ya tangi, ule wa zamani usirudishwe. Kabla ya kurudisha kiti, unganisha FP na +B ukague uvujaji, halafu pima presha kama Mzee alivyoeleza. Na ukitoka Kongwa, jaza walau nusu tangi.

Mkazi wa Nkuhungu (mtoa mada)

Nimeelewa, fundi. Boliti ya ethi nimeshaiona, ina kutu ya kijani na rangi imepakwa juu yake. Naanza nayo kesho asubuhi, kisha niende kununua pampu.